Kijicho Changu na Kifua cha Kazungu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kunywa kombe kwa miezi miwili kabla ya kutema makohozi kwenye kichupa cha kupimia. Kombe lenyewe silisemi vibaya. Ni aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi; nimelinywa tangu utotoni na nitalinywa tena. Kosa ni kwamba nilikuwa nimeshajipa jibu. Nilikuwa nakohoa, nakonda, jasho linanitoka hata baada ya kuoga, na kila nilipojitazama kwenye kioo nilisema: hiki ni kijicho. Kuna mtu amenitazama kwa roho mbaya. Na mtu huyo nilimjua kwa jina.

Mimi nashona kofia za mkono. Sikufunzwa na mtu. Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilichukua kofia kuukuu ya marehemu babangu, nikaifumua uzi mmoja mmoja hadi nikajua ilivyoshonwa, kisha nikairudisha kama ilivyokuwa. Kofia zetu zina vitundu vidogo tunavyoviita viua, mamia kwa mamia, na kila kimoja huzungushiwa uzi hadi ukingo wake usimame. Kiua kimoja kikikaa upande, mimi siku hiyo sili vizuri. Niliwahi kufumua kofia iliyobakisha siku mbili tu kumalizika, kwa sababu ya kiua kimoja nyuma ya sikio ambacho hakuna ambaye angekiona. Nilikuwa nikijisifu kwa hilo.

Binamu yangu Athman hushona pia, lakini kwa cherehani. Huzipiga kofia zake picha na kuziuza kwa simu hadi Nairobi na Uarabuni. Nilijiaminisha kwamba ananionea kijicho kwa sababu mkono wangu ni bora kuliko mashine yake. Mama alikubaliana nami bila kubishana, maana Athman alikuja nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa, siku moja, akaishika kofia yangu, akasema, "Hii ni nzuri kupita kiasi," na asiseme mashallah. Kwetu ukisifu kitu cha mwenzako husema mashallah, ili jicho lako lisimdhuru. Asiyesema hukumbukwa.

"N'limsikia kwa masikio yangu haya," Mama alisema. "Hakusema. Na kesho yake wewe ukaanza kukohoa."

Sikuanza kesho yake. Nilikuwa nimekohoa wiki tatu kabla. Nililijua hilo na nikanyamaza, kwa sababu hadithi ile ilinipendeza. Mgonjwa wa kijicho ni mtu mwenye kitu cha kuonewa wivu.

Mwezi wa Rajabu ulipokuwa unaishia, nilikohoa nikiwa kazini na tone la damu likaangukia kofia nyeupe iliyokuwa mkononi. Kabla ya kumwita Mama, niliifua kwanza. Maji baridi, sabuni, tena maji baridi, mpaka doa likatoka. Ndipo nikamwita.

Zahanati nilitema makohozi kwenye kichupa, na majibu yalikuwa kifua kikuu. Dawa za miezi sita. Mama aliketi kitandani pangu, mtandio ukiwa mdomoni, kisha akasema, "Watu tutawambia ni pumu." Kuanzia siku hiyo nikawa na sahani yangu na kikombe changu, na vilioshwa mwisho, peke yao. Nilielezwa kwamba baada ya majuma machache ya dawa sitamwambukiza mtu, na Mama alielezwa vilevile. Kikombe hakikurudi kwa wenziwe. Sikumlaumu kwa mdomo. Nililaumu kwa kukiosha mwenyewe kwa kelele.

Wagonjwa wa kifua tulikuwa na ukumbi wetu nyuma ya zahanati, mabenchi mawili na madirisha yasiyofungwa kamwe. Kando ya mlango kulikuwa na mizani. Kila Jumatatu tulipimwa uzani, tukapewa vidonge vya wiki moja, tukaenda zetu. Ni hapo nilipomjua Kazungu.

Alianza dawa siku moja na mimi. Mtu wa Kaloleni, umri wangu, mrefu, anafanya kazi ya kupakia barafu kwenye samaki, bandari ya wavuvi ya Liwatoni. Siku ya kwanza alipoteza kadi yake kabla hata hajaitwa jina. Kumbe alikuwa ameikalia. Wiki ya pili alifika, akaketi karibu nami, na badala ya salamu akaniuliza:

"Fundi, nimekojoa soda ya machungwa. Wewe je?"

Benchi zima likacheka, hata mzee mmoja aliyekuwa hana pumzi ya kucheka. Dawa zile hugeuza mkojo rangi, tulikuwa tumeambiwa. Mimi nilikuwa nimeandika kwenye daftari: siku, saa, rangi iliyokolea au isiyokolea. Nilikuwa na daftari la kila kitu. Vidonge nilivimeza saa kumi na mbili kamili asubuhi, na nikichelewa dakika tatu moyo ulinienda mbio mpaka adhuhuri. Nilipima kikombe cha uji. Nilihesabu mara nilizokohoa.

Kazungu alimeza zake akikumbuka kuwa ameamka. Alikula kilichokuwepo, akalala baada ya kazi, akapanda mizani na kandambili.

"Vua viatu, baba," Sista Rehema, muuguzi wetu, alimwambia.

"Sista, nikivua utanipunguza."

Akavua. Alikuwa ameongeza kilo mbili. Mimi nusu kilo. Sista akampigia makofi. Wagonjwa wenzetu wakasema mashallah, hata wale wasio Waislamu, kwa maana Mombasa neno hilo ni la wote. Mimi nilifungua kinywa, kikawa kikavu. Nikainama nikafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa.

Nataka kulisema hili waziwazi, kwa sababu nililitafuta kwenye maandishi ya wagonjwa wengine na sikulipata. Ugonjwa ulinipa wivu. Niliwaonea wivu waliopanda ngazi bila kupumzika. Niliwaonea wivu waliofunga. Ramadhani iliingia nikiwa na wiki mbili za dawa, na daktari akanikataza kufunga. Nilikula nyuma ya pazia nyumbani mwangu kama mwizi, nasikia majirani wakiulizana barazani habari za saumu kwa sauti ya watu wenye njaa ya heshima. Hata njaa yao niliitamani. Lakini hakuna niliyemwonea wivu kama Kazungu. Wengine walikuwa wazima, hilo lina sababu. Kazungu alikuwa na ugonjwa wangu hasa, siku zile zile, vidonge vile vile, hana daftari, na alikuwa anapona kuliko mimi. Nilifanya kila kitu sawasawa. Mbona yeye?

Ramadhani ilikuwa inakwisha. Jumatatu ya mwisho Kazungu alikuja wa kwanza, akapokea dawa, akawahi kazini. Nilipofika mimi, Sista Rehema aliniambia mwezi ukionekana Jumapili, Jumatatu itakuwa Idi na zahanati haitafunguliwa. Wagonjwa wa kifua waje Jumamosi asubuhi.

"Kazungu ameshaondoka," akasema, "na simu yake iko kwa fundi. Wewe wapita Makadara, si ndiyo? Yeye hunywa chai pale jioni. Mwambie, tafadhali. Yeye hajui hesabu zenu za mwezi."

"Nitamwambia."

Alhamisi, baada ya alasiri, nilikuwa nikienda kununua uzi. Kazungu alikuwa nje ya mkahawa mmoja Makadara, ameegemea tuktuk, anamsimulia dereva jambo huku mikono ikiruka. Mashavu yalikuwa yamemjaa. Shingo ilikuwa imerudi. Nilisimama ng'ambo ya barabara, mfupa wa bega langu ukisukuma shati, nikamtazama. Nikasema moyoni: nitamwambia kesho. Nikaendelea na safari. Ijumaa sikupita njia ile.

Jumamosi nilichukua dawa zangu. Sista akauliza, "Ulimwambia Kazungu?"

"Nilimwambia."

"Mbona hajaja, basi?"

"Sijui, Sista. Wamjua alivyo."

Kijicho hakikuhitaji macho mekundu wala uganga. Kilikuwa sentensi hiyo.

Mwezi ulionekana. Jumatatu tulikuwa kwenye Idi, nimevaa kanzu iliyonipwaya, nikila halua na wageni. Kazungu alikwenda zahanati akakuta imefungwa. Siku hiyo hiyo alipaswa kusafiri kwenda Kaloleni, amefiwa na mjomba. Akaenda bila dawa. Matanga yalirefuka, simu iko Mombasa, na aliporudi kwenye benchi letu alikuwa amekaa siku kumi na tatu bila kidonge. Alikohoa kabla ya kuketi. Kikohozi kile nilikijua. Kilikuwa cha siku ya kwanza.

Sista Rehema hakumpima uzani. Alisimama mbele yake na mikono kiunoni.

"Siku kumi na tatu! Wajua unachokichezea? Na nilimtuma mwenzako akwambie uje Jumamosi."

"Alitumwa nani?"

"Huyu hapa. Mbarak."

Kazungu akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayetafuta kitu mfukoni. Watu wa benchi wote walinitazama, na hapo ndipo nilipopata nafasi yangu, nafasi nzuri kabisa, na nikasema:

"Nilikwambia, Kazungu. Umesahau."

Alifikiri. Kisha akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Pengine aliniambia, Sista. Kichwa changu hiki! Samahani. Fundi, samahani na wewe."

Aliniomba msamaha. Niliandika mambo mengi kwenye daftari langu miezi ile, lakini hilo sikuliandika.

Mvua za masika zikaanza. Tulipimwa tena makohozi, kwani miezi miwili ya kwanza ilikuwa imefika. Yangu yalikuwa safi. Ya Kazungu bado yalikuwa na vijidudu. Sista alimweleza taratibu kwamba makohozi yake yatapelekwa maabara kubwa, kuona kama dawa bado zinamfaa au vijidudu vimeshazizoea. Zikiwa hazimfai, ni dawa nyingine, kali zaidi, za muda mrefu zaidi. Na mpaka hapo, kwa kuwa yeye ni msahaulifu, atakuja zahanati kila siku asubuhi ameze mbele ya macho yao.

"Asubuhi mimi niko kwenye barafu," Kazungu alisema. "Nikichelewa, nafasi inachukuliwa. Wako kumi nje ya lango."

"Basi chagua."

Hakufanya mzaha wowote. Alitazama mvua ikipiga dirisha lisilofungwa, na niliona mikono yake, ambayo haikuruka tena.

Nilirudi nyumbani nikajaribu kushona. Nilikuwa nimetamani siku hii, siku ambayo kipimo changu kitakuwa bora kuliko chake. Nimeipata. Niliifumua kofia niliyokuwa nayo mkononi mara tatu, kila mara nikiona kosa mahali pasipo kosa. Mama aliniletea uji kwenye kikombe changu, akanikuta nimeshika sindano na machozi yanashuka.

"Kifua chauma?"

"Mama, Athman hakunifanya kitu. Nilikuwa nakohoa kabla hajaja. Mwenye kijicho ni mimi."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza amesimama, kisha akaketi. Nilingojea anipoze, kama siku zote. Hakunipoza.

"Mtoto wa watu," alisema. "Ana mama?"

"Anaye. Kaloleni."

"Basi kesho wenda ukaseme. Na usiseme nusu."

Asubuhi nilianza na Sista Rehema. Nilisema haraka, maneno yakikanyagana. Alivua miwani akaisafisha kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji miwani. "Nilimwandika kwenye faili kuwa hafuati dawa," alisema. "Nimemwandika kwa maneno yako." Akafuta kwa mstari mmoja, akaandika juu yake, na hakuniambia kwamba si kitu.

Kisha nikaenda Liwatoni. Kazungu alikuwa ametoka kupakia, mashati mawili mwilini, moja limeloa. Nilimwambia pale pale, kando ya masanduku ya samaki, watu wakipita na mikokoteni.

"Hukusahau," nilisema. "Sikukwambia. Nilikuona Makadara Alhamisi nikapita. Halafu nikasema uongo mara mbili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa unanenepa."

Alinitazama kana kwamba nimesema kwa lugha nyingine. "Kwa sababu n'nini?"

"Ulikuwa unapona kuliko mimi."

"Wewe!" Akatema chini, akakanyaga. "Tangu siku ile mimi najiona mwendawazimu. Najiuliza, Kazungu, mtu alikwambia jambo la uhai wako ukasahau? Nikamwambia hata mke wangu, nina kichwa kibovu. Ungenipiga ngumi ningekuelewa."

"Nipige wewe, basi."

"Nikupige wapi? Huna mahali pa kupigwa." Hakucheka. Akarudi kwenye barafu, na mimi nikabaki nimesimama mpaka mwenye mkokoteni akanifokea nimpishe.

Siku tano hakusema nami. Ya sita alinikuta kwenye benchi, akasimama.

"Nimeongea na Sista. Anasema anaweza kukubali mtu mwingine anisimamie nikimeza, si lazima iwe hapa. Mtu mwenye saa na daftari." Akaketi. "Utakuja Liwatoni wewe. Kila asubuhi, kabla hawajafungua lango. Mvua isiwe sababu. Na mihogo utaleta wewe."

Basi nikawa naenda. Niliondoka nyumbani na chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha, masika yote, maji ya barabara yakiingia viatuni. Tulimeza pamoja, yeye vyake, mimi vyangu. Wiki ya kwanza nilitazama saa. Alinifunika mkono.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Basi kimekwisha mpaka kesho. Kula."

Hilo ndilo nililojifunza kwanza, na ni dogo kiasi cha kuona haya kuliandika: dawa ikishamezwa, imemezwa. Sikuwa na la kuiongezea kwa kuifikiria. Baadaye nikaona linafaa kwa mambo mengine. Kiua nikishakifumua mara moja na kukishona tena, sikigusi. Alasiri nikisikia adhana naweka sindano, hata kama nimebakisha mstari. Haikuwa rahisi, mara mbili niliificha kofia chini ya mto nikaichukua tena. Nikaacha pia kujipima peke yangu. Nilikuwa nikila vizuri zaidi nikila na Kazungu, hata siku alizoninunia, na nadhani mwili hujua tofauti ya kulishwa na kupimwa.

Majibu ya maabara yalikuja mvua zikiwa zimepungua. Sista alituita sote wawili ndani. Nilishika ukingo wa meza. Alisoma kimya mstari mzima, mpaka Kazungu akasema, "Sista, unatuua kabla ya ugonjwa."

"Dawa bado zinakufaa," akasema. "Lakini utaongezewa muda. Utamaliza baada ya Mbarak."

Kazungu aliegemea ukuta akafunga macho. Mimi nililia tena, mbele ya watu, na hakuna aliyenionea aibu ila mimi.

Wiki hiyo alipanda mizani. Kilo moja na nusu. Mimi nilikuwa nimepungua kidogo, kwa kutembea. Nilijisikia: ule ukavu wa kinywa ulikuja, kama kawaida yake, haukuchelewa. Nikasema mashallah ukavu ule ukiwa bado upo. Ilitoka kwa sauti ndogo, kisha nikairudia ikasikika. Kazungu akageuka juu ya mizani.

"Umesema kwa moyo, au umesema kwa sababu Sista anatazama?"

"Nusu kwa nusu."

"Nusu naichukua," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Idi, benchi likacheka.

Nilimaliza dawa wakati wa kusi, siku za baridi zetu ndogo. Kazungu alimaliza wiki kadhaa baadaye, na nilikwenda Liwatoni hadi asubuhi yake ya mwisho. Athman nilimwomba radhi. Alishangaa, kwa kuwa hakujua kama aliwahi kutuhumiwa, na akakasirika hapo hapo. Sasa tunasalimiana, bado hatujafika mbali zaidi ya hapo. Mama aliwaambia majirani wawili kwamba haikuwa pumu. Mmoja alikuja siku ya tatu, kwa siri, kuuliza mwanawe akapimwe wapi. Ni kwa ajili yake nimeandika haya, na kwa wenzake wanaokohoa na huku wanamtafuta mtu wa kumlaumu. Nendeni mkapimwe wiki hii.

Sasa ni mwaka mmoja. Kifua changu ni safi. Nashona kofia chache kuliko zamani, na baadhi zina makosa ninayoyajua mimi na nimeziachia ziende. Wivu bado ninao. Hunijia karibu kila siku. Kilichobadilika ni kwamba ukinijia humwambia mhusika siku hiyo hiyo kwamba namwonea wivu, kabla sijamfanyia jambo.